Salma mwanangu, lori liendeshwe

Salma mwanangu,

Salamu nyingi kutoka huku Michigan. Sisi ni wazima, mama yako anakusalimu, na theluji iliyobaki ni ile chafu ya kando ya barabara tu.

Swali lako la kwenye simu sikulijibu sawasawa kwa sababu mama yako alikuwa pembeni anasikiliza. Ulisema si bora lori letu la zamani, la jeshi la Marekani la wakati wa Vita Kuu ya Pili, tulipe jumba la makumbusho siku nikichoka, litunzwe ndani, lizungushiwe kamba, watoto wa shule waje kulitazama. Najua ulisema kwa nia njema. Jibu langu ni hapana. Acha nikueleze kwa kirefu, maana ukilitaka ni lako. Kaka yako ameshasema yeye hana haja na gari lisilo na redio.

Lori haliuawi na safari, mama, linauawa na kusimama. Nilijifunza ufundi Tanga kwenye malori ya mashamba ya mkonge, Bedford na Albion zilizobebeshwa mzigo mpaka springi zikalala, na karibu yote tuliyafufua. Yaliyotushinda ni yale yaliyoegeshwa nyuma ya gereji kwa maneno ya "kwa muda tu". Gari likisimama, mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, maji yanatuama chini ya silinda ya gurudumu, na hapo hapo kutu inaanza kuchimba. Sahani ya klachi inagandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Mipira inakauka na kupasuka. Petroli ya siku hizi nayo kwa kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inavuta maji na kulainisha mipira ya zamani. Kiwambo cha pampu ya mafuta ndicho kinachotangulia kuoza. Ndiyo maana unaniona naendesha mwendo mrefu kutafuta petroli isiyo na ethanoli kwenye vituo vya watu wa maboti, na mama yako anadhani nina jambo jingine huko.

Ndani ya makumbusho wanakamua mafuta yote, wanachomoa betri, wanaweka trei chini ili sakafu isichafuke. Kwao ni sawa, wana sakafu ya kutunza. Lakini baada ya miaka michache kama hiyo ukitaka lori litembee, unaanza upya kama nilivyoanza mimi.

Na wewe hukuona nilivyoanza, ulikuwa shule ya bweni. Lilikuwa limepakwa rangi nyekundu. Baada ya vita serikali iliuza malori haya kwa bei ya bure, yakaenda kwa wakulima, wakata miti na vikosi vya zimamoto vya vijijini. Letu liliangukia zimamoto. Walitoa bodi ya mizigo wakaweka tenki la maji na pampu, wakalitumia mpaka wakapata gari jipya, kisha wakalisukumia bandani. Pistoni zilikuwa zimeganda ndani ya silinda. Nilitoa plagi zote sita, nikamimina mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, nikaacha. Kila jioni baada ya kazi natia hendeli mbele, naegemea kwa uzito wa mwili tu bila kulazimisha, naongeza mchanganyiko, naondoka. Wenzangu walinishauri nilifunge mnyororo nilivute na trekta likiwa kwenye gia. Ukifanya hivyo unavunja ringi za pistoni, na pengine unapinda mkono wa pistoni wenyewe. Ilipokubali, hendeli ilisogea kidogo tu, kiasi cha upana wa kucha, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayekwangua ukoko wa wali kwenye sufuria. Nilirudi ndani nikamwambia mama yako limekubali. Akaniuliza nani.

Boneti ndiyo iliyonipa raha kuliko yote. Ungeweza kupuliza mchanga ukamaliza rangi yote kwa asubuhi moja, lakini mimi nilitaka kujua kilichokuwa chini. Nikachukua msasa wa maji, laini kabisa, na ndoo, nikaanza kusugua polepole upande wa kushoto. Nyekundu ikatoka. Chini yake ikaja nyekundu nyingine iliyokoza zaidi, kisha praima ya kijivu, kisha ule ujani wa jeshi usiong'aa, uliokauka kama vumbi la majani. Hapo nikapunguza mkono. Ukipitisha msasa mara mbili zaidi unakuta bati tupu. Na ndani ya ule ujani, kwa weupe uliopauka sana, ikajitokeza tarakimu ya 4, kisha nyingine, kisha herufi za U.S.A. Hiyo 4 ya mwanzo ndiyo waliyoyapa malori ya mizigo ya daraja hili. Nilichukua karatasi ya kupitisha nuru nikachora namba nzima juu yake kabla sijagusa tena. Namba unayoiona leo kwenye boneti imepakwa kwa kufuata mchoro ule, mpaka pale ambapo askari aliyeipaka mwanzo alipindisha kidogo.

Kibati cha dashibodi kinasema lilikabidhiwa 1943. Jina lake kamili ni GMC CCKW, na wenyewe Wamarekani huliita Jimmy. Tani mbili na nusu za mzigo nje ya barabara, magurudumu yote yanavuta, injini ya petroli ya silinda sita. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, mengi yao hapa hapa Michigan, kwenye mji wa Pontiac. Chuma kilipokuwa adimu wakaanza kuyawekea bodi za mbao, na mimi nikatumia ruhusa hiyo: bodi yetu nimeiunda kwa mbao za mwaloni, maana bodi ya chuma yenye hali nzuri inauzwa bei ya kiwanja. Spea nyingine zimetoka Ufaransa. Jeshi la Ufaransa lilibaki na malori haya baada ya vita, likayafanyia ovaholi na kuyatumia miaka mingi, kwa hiyo stoo za kule bado zina vitu vilivyofungwa kwenye karatasi ya nta havijaguswa.

Nije kwenye jambo ambalo hatujawahi kulizungumza vizuri. Unajua nikienda kwenye gwaride la Siku ya Mashujaa wa Vita, mwezi wa Novemba, kuna mtu hunijia karibu kila mara, anazunguka lori, analisifu, kisha ananiuliza mwenye gari yuko wapi. Sikasiriki tena. Namwuliza kama amewahi kusikia habari za Red Ball Express. Wengi hawajasikia, basi namwambia asimame vizuri.

Mwaka 1944, majeshi ya Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, yaliyoshuka pwani ya Normandy yalikimbia mbele kuliko petroli yao. Reli za Ufaransa zilikuwa zimepigwa mabomu na Washirika wenyewe ili Wajerumani wasizitumie, na bandari zilizofaa zilikuwa mbali au mikononi mwa adui. Kikabaki kitu kimoja, malori kama haya, na msafara wao ndio ulioitwa Red Ball Express. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba yalipita usiku na mchana kwenye barabara zilizotengwa, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, raia hawaruhusiwi. Siku ya kilele yalikuwa karibu 6,000, yakashusha zaidi ya tani 12,000 za mzigo. Na karibu robo tatu ya madereva walikuwa watu weusi. Jeshi lilikuwa bado limewatenga kwa rangi, wengi wao halikuwataka kwenye mapigano, likawapa usukani na kazi za ukuli. Ubaguzi huo ndani ya jeshi Rais Truman aliupiga marufuku kwa amri mwaka 1948, vita vimekwisha zamani.

Amri ilikuwa mwendo usizidi maili 25 kwa saa, kama kilomita 40. Injini hizi zina gavana, kifaa kinachozuia zisizunguke kupita kiasi. Madereva waliing'oa gavana. Mkaguzi akikaribia inarudishwa, akiondoka inatoka. Hapo mwenye kuuliza huanza kucheka, na mimi namfungulia mlango apande.

Sasa niambie, hadithi hiyo ningemsimulia nani kama lori lingekuwa nyuma ya kamba? Kwenye makumbusho kungekuwa na kibao chenye mistari mitano, na mistari minne kati ya hiyo ingehusu injini.

Letu halikuvuka bahari, nisikudanganye. Ila ukikaa ndani yake utaelewa kazi ilivyokuwa. Stata ni ya kukanyaga kwa mguu. Gia hazina kitu cha kuzilinganisha, kwa hiyo unakanyaga klachi mara mbili: unatoa gia, unaachia, unasikiliza injini, unakanyaga tena, unaingiza. Ukiwahi, inalia. Ukichelewa, inalia. Usukani hauna msaada wowote. Nenda nyuma uangalie taa ndogo za gizani: zimetengenezwa kwa vijidirisha, ukiwa mbali unaona nuru moja, ukisogea unaona mbili, ukisogea zaidi zinakuwa nne, na dereva wa nyuma anajua kwa hizo kama yuko karibu mno. Fikiria kufuata kitu hicho usiku kucha, mvua inanyesha, nyuma umebeba madumu ya petroli.

Ukilichukua, kuna mambo ambayo lazima uyajue kabla hujashika spana. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufungwa kinyume. Wapo watu wazima waliopanda juu ya wili spana na kurukaruka mpaka bolti ikakatika, kumbe walikuwa wanazidi kukaza. Rimu ni za ringi, kama zile za malori ya nyumbani, na ringi ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua mtu. Tairi lijazwe ndani ya kizimba, wewe ukiwa kando. Na ngoma za breki usizipulize kwa kompresa. Vitambaa vya zamani vina asbesto, lowesha kwanza.

Wakati wa baridi usilitoe, chumvi wanayomwaga barabarani italila kuanzia chini. Lakini pia usiwe kama jirani yetu anayewasha lake dakika tano kila Jumapili kisha anazima na kurudi ndani ameridhika. Injini haijapata moto wa kutosha, mvuke unageuka maji ndani ya oili na ndani ya ekzosi. Ama uliendeshe mpaka lipate joto hasa, ama uliache limelala. Ukiliacha, bana pedali ya klachi kwa kipande cha ubao ili sahani isishikane na flaiwili. Ubao huo uko chini ya kiti, nimeuandika "klachi" kwa kalamu nyekundu, usije ukautupa.

Namba zake ni za gari la kihistoria, ambazo hapa Michigan hutolewa kwa gari lililozidi miaka 25. Masharti ni kwamba lisiwe gari la kazi za kila siku: maonyesho, gwaride, shughuli za klabu, na kulijaribu baada ya matengenezo. Isipokuwa mwezi wa Agosti, ambapo sheria inakuruhusu kwenda nalo popote. Basi Agosti nzima mimi nanunua nalo mchele. Linakula petroli vibaya, linakwenda kilomita 70 kwa saa likisukumwa, magari yanajipanga nyuma yangu. Mama yako hulifuata na gari lake dogo na kujifanya hanijui.

Karatasi zake zote ziko kwenye bahasha ya kaki, kabati la gereji, pamoja na ule mchoro wa namba.

Niandikie kama unalitaka. Ukija mwezi wa saba nitakufundisha klachi kwenye uwanja wa kanisa, wameshatukubalia siku za kazi. Na kama hulitaka sitakuwa na kinyongo, ila usinifiche kwa kunionea haya. Kuna mkulima huku jirani ameshaniuliza mara nyingi. Anataka kulipakia majani ya ng'ombe, na kwa akili yangu huyo ana haki nalo kuliko makumbusho.

Msalimie bibi yako, mwambie dawa zake nimempa mtu anayesafiri.

Ni mimi baba yako