Soul: tusipime kwa koo peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitie neno kwenye ubishi usiokwisha wa kurasa za burudani na vipindi vya zilipendwa: nani kauimba vizuri zaidi, mwenye wimbo au aliyeurudia? Kwa nyimbo za soul, muziki wa Wamarekani Weusi wenye mizizi ya kanisani, ubishi huu huamuliwa kwa koo la mwimbaji tu, na mengine yote husahaulika.

Chukua wimbo wa Respect (Heshima). Otis Redding aliutunga na kuurekodi mwaka 1965, Memphis. Anayesema ndani ya wimbo ni mwanamume anayerudi nyumbani na fedha, akidai heshima yake. Matarumbeta yanasukuma mwanzo mpaka mwisho, ubeti juu ya ubeti, wala hakuna mahali wimbo unapogeuka. Februari 1967 Aretha Franklin akaurekodi New York katika studio za Atlantic, akipiga piano mwenyewe. Wengi husema Aretha ana sauti kali, basi, yameisha. Sikiliza alichobadilisha. Mwenye fedha sasa ni mwanamke. Kulitaja neno herufi kwa herufi, R-E-S-P-E-C-T, kwa Otis hakumo kabisa. Waitikiaji, wakiwemo dada zake Carolyn na Erma, wanajibizana naye kama watu walio katika ugomvi uleule. Na katikati kimepachikwa kipande cha saksafoni cha King Curtis, ambacho msingi wake uliazimwa kutoka When Something Is Wrong with My Baby ya Sam & Dave, tena kwa ufunguo (ngazi ya sauti ambayo muziki umejengwa juu yake) ulio mbali na wa wimbo wenyewe. Ndipo sikio linaposhtuka, na Aretha akirudi unamsikia kana kwamba wimbo unaanza upya. Kwenye chati kuu ya nyimbo ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, Otis aliishia namba 35. Aretha alishika namba 1.

Halafu, "wa mwanzo" ni upi? I Heard It Through the Grapevine watu wengi wanampa Marvin Gaye. The Miracles ndio waliotangulia kuurekodi, 1966. Marvin akaurekodi 1967, Motown, kampuni yao ya rekodi, wakauweka kabatini. Gladys Knight & the Pips, waliorekodi baada yake, wakatoka kabla yake, Septemba 1967; Marvin akasubiri hadi 1968. Matoleo yote matatu yalisimamiwa na mtayarishaji mmoja, Norman Whitfield, ambaye pia ni mtunzi mwenza. Kwa Gladys aliuendesha mbio, na matari ya kanisani. Kwa Marvin aliuendesha taratibu zaidi, akaufungua kwa kinanda cha umeme, akampandishia ufunguo kupita pale alipozoea. Ile sauti inayokaribia kukabwa imetokana na hapo. Na Try a Little Tenderness, ambao kwa wengi ni mali ya Otis, ulirekodiwa Uingereza na bendi ya Ray Noble mwaka 1932.

Anayetaka kulinganisha kwa haki aanze na mwaka na lebo, yaani kampuni iliyoitoa rekodi. Waimbaji wengi wa soul walizirekodi upya nyimbo zao miaka mingi baadaye kwa kampuni ndogo ndogo, na nakala hizo ziko mtandaoni kwa jina lilelile na picha ya ujanani. Ukikuta dramu safi mno na sauti iliyozeeka kwenye wimbo unaoambiwa ni wa 1966, tilia shaka. Kisha sawazisha sauti ya spika: nakala zilizosafishwa siku hizi hutoka kwa kishindo zaidi, na sikio hudanganyika kwamba kinachovuma ndicho kizuri. Usiweke rekodi ya studio dhidi ya ya jukwaani, maana jukwaani kasi hupanda karibu kila mara. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, uone mwenyewe.

Baada ya hapo sikiliza mara tatu: kwanza besi na dramu tu, pili matarumbeta na waitikiaji, mwimbaji awe wa mwisho. Ukianza na mwimbaji, hayo mengine hutayasikia tena (na waimbaji wa soul wanajua kukuteka).

Watangazaji nao watusaidie. Wakipiga toleo, wataje mwaka na kampuni iliyolitoa. Ni sekunde tano tu, wala hazili muda wa matangazo.

Msikilizaji wa soul,
Tanga.