Mlango wa 80 hauachi 80

Bwana Mhariri,

Mimi ni seremala hapa Goma, karakana yangu iko Katindo, na mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nikitengeneza milango. Ninaandika kwa sababu ya mlango mmoja nilioutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Niliitwa kwenye zahanati moja kubadilisha kitasa kilichokwama. Nikiwa nimepiga magoti pale, akaletwa mama mzee aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari, mjukuu wake anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Kiti kilifika mlangoni kikagoma. Magurudumu yalikuwa yanaenea kwa shida, ila mikono ya yule mama ilikuwa kwenye zile pete za kusukumia zilizo nje ya magurudumu, na fremu ikamchuna vidole viwili hadi damu. Tukamshika makwapani tukambeba, kisha tukakunja kiti na kukipitisha nyuma yake. Alinishukuru, halafu akasema, "Mwanangu, nimeingia kama gunia la makaa."

Nilitoa mita nikapima pale wanapopita watu. Sentimeta 73. Kwenye daftari langu mlango ule umeandikwa 80.

Hakuna aliyemwibia mteja. Sisi mafundi tunaposema mlango wa 80 tunahesabu ubao. Ubao huo hukaa ndani ya mfuo wa fremu (kadre, kama tunavyosema huku), na mfuo unakula sentimeta moja na nusu kila upande. Ukiufungua mlango ukasimama wima kwenye bawaba, unene wake nao unabaki ndani ya njia: nne nyingine. Ndiyo hiyo 73. Na vyooni tunaweka wa 70, hata wa 60, eti choo ni kidogo. Kiti cha kawaida kina upana wa sentimeta 60 hadi 70, kabla hujahesabu viwiko na vidole vya anayekiendesha. Kipimo cha kimataifa cha majengo, ISO 21542, katika toleo lake la 2011 kilidai nafasi wazi isiyopungua 80, na kilishauri 85. Ili upate 80 iliyo wazi, agiza mlango wa 90, na mwashi aache tundu la mita moja ukutani.

Hapo ndipo ninapowaomba wenye kujenga wanisikilize. Sentimeta kumi za ziada wakati ukuta unapanda ni matofali machache ambayo hukuyanunua. Ukishamaliza nyumba, sentimeta hizo hizo zinamaanisha kubomoa linto (boriti ya juu ya mlango), kwa sababu linto lazima lilale juu ya ukuta kila upande, na mara nyingi utakuta kolone ya chuma na zege imesimamishwa karibu kabisa na fremu. Kolone haikatwi. Nimewahi kuitwa kupanua mlango nikageuka na vyombo vyangu, nikamwacha mwenye nyumba na baba yake aliyepooza chumba cha pili.

Upana peke yake hautoshi. Mtu aliyekaa kwenye kiti akitaka kuuvuta mlango, anahitaji nafasi ubavuni mwa kitasa. Sheria za Marekani zinataka kama sentimeta 45. Sisi tunabana kitasa kwenye kona ya ukuta, na kila akiuvuta, mlango unampiga magoti. Ndani anahitaji duara la mita moja na nusu ili ageuke. Mlango wa choo ufunguke kwa nje, maana ukifunguka kwa ndani kiti kinauziba, na mtu akianguka humo hamuwezi kumfikia. Kitasa kiwe cha mkono wa kushusha, siyo cha kibonge cha kuzungusha.

Na ngazi! Tangu volkano ya 2002 wengi wetu tunajenga juu ya mwamba mgumu, kuchimba ni taabu, basi sakafu inainuliwa na mlangoni zinawekwa ngazi tatu. Mteremko wa kiti unahitaji urefu mara kumi na mbili ya kimo chake: sentimeta 50 za ngazi ni mita sita za mteremko. Hizo mita sita zitengwe kwenye parseli (kiwanja) kabla ya kuchora, si baada.

Kila mkazi wa Goma anawajua ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha mizigo Petite Barrière, mpakani na Rwanda, kwa baiskeli za matairi matatu. Wanafanya kazi na kulisha watoto. Wakitaka kuingia ofisini, wanaachwa uani karatasi zao zikipelekwa na mtu mwingine. Nchi yetu ina sheria ya kulinda haki zao, Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Wanaotoa ruhusa za kujenga wafike na mita kabla linto halijamwagwa, wapime uwazi, wasisome namba kwenye mchoro tu.

Upande wangu, daftari la oda sasa lina mistari miwili: ubao na uwazi. Mteja anatia sahihi kwenye ule wa uwazi. Na mwenye ile zahanati nimemwambia: mlango wake hauna kolone ubavuni, nimeshahakikisha. Alete mbao na sementi, kazi ya mikono nitaifanya bure Jumamosi atakayotaja.

Seremala, Katindo, Goma