Nimeona mwanangu alichofukia kwenye mchanga wa kwenye skrini, nimwambie baba yake?

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Moshi, Pasua. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili nimelibeba wiki mbili na hakuna niliyemwambia, hata dada yangu.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 8. Mwaka jana kipindi cha masika alikuwa kwenye Noah na baba yake wanatoka Boma Ng'ombe, mvua inanyesha, gari ikateleza ikapinduka kabla hawajafika Kikavu. Baba yake ndo alikuwa anaendesha, ndo kazi yake. Mungu mkubwa hakufa mtu, mume wangu alivunjika mkono, mtoto akatoka na michubuko tu tukasema huyu yuko sawa. Kumbe wapi. Akaanza kukojoa kitandani, akawa haongei, yaani mtoto aliyekuwa anaimba mpaka majirani wanamjua kwa sauti, mwalimu akaniita akasema darasani anaangalia dirisha tu, na gari hataki hata kuisogelea, Krismasi tunapanda Kibosho kwa bibi yake ilibidi nimbebe analia stendi nzima inatuangalia.

Januari tukapata mshauri nasaha, dada mmoja mpole sana, alikuwa hapahapa mjini, anakaa na mtoto chini wanacheza na midoli na boksi la mchanga. Mwezi wa tatu akahamishiwa Dodoma kikazi, akaniambia mama fulani tusimwache katikati, tutaendelea kwa video. Moyoni nikasema mtoto haongei na mtu aliyekaa naye mkeka mmoja, ataongea na laptop?

Basi kila Jumamosi naazima laptop ya kaka yangu, wanaanza na drafti, ubao uko kwenye skrini, mtoto akisogeza kete huku na kule Dodoma inasogea. Siku moja nikamsikia chumbani anapiga kelele "nimekula mbili!" nikakaa chini kwenye korido nikalia. Wakimaliza drafti wanaingia kwenye mchanga. Ni boksi kama lile la kweli ila lipo kwenye skrini, pembeni kuna miti, nyumba, wanyama, watu, magari, mtoto anavuta anachotaka anaweka anapotaka, akichimba chini inatokea bluu kama maji. Mshauri hamuulizi ajali hata siku moja, anaangalia tu, saa nyingine anasema naona gari imeenda mbali na nyumba, basi, ananyamaza. Nilipomuuliza hii ndo dawa gani akanielewesha kwamba sio kitu cha juzi, kulikuwa na daktari Uingereza akiitwa Margaret Lowenfeld alifungua kliniki ya watoto London mwaka 1928, akawa anawapa mchanga na vidoli, watoto wenyewe wakakiita kile wanachopanga "dunia". Maana mtoto anaweza asiwe na neno la kitu kilichomtisha ila akakupangia. Haya ya kwenye skrini washauri wengi waliyakimbilia 2020 kipindi cha korona walipokuwa hawawezi kukutana na watoto.

Makubaliano yetu ni kwamba kile kipindi ni cha mtoto. Mlango unafungwa, mimi korido, kukiwa na jambo la hatari mshauri atatuambia, la sivyo tunaongea naye kwa ujumla tu kila baada ya vipindi vinne.

Sasa Jumamosi ya juzi ile laptop ikaanza kulia chaji inaisha, nikaingia na waya. Sikukusudia kuangalia, naapa. Kwenye mchanga kulikuwa na gari nyeupe imefukiwa imebaki paa, na pembeni mwanaume mmoja amezungushiwa uzio, sio mmoja, uzio ndani ya uzio, na nje simba na mbwa wawili wanalinda. Na mwanangu anamwambia mshauri kwa sauti ndogo kabisa, "hapa polisi hawawezi kumchukua baba." Halafu akaniona. Akavuta mti akamfunika yule mtu.

Wapendwa, siku ile ya ajali trafiki walikuja wakauliza dereva nani. Kumbe mtoto alisikia na miezi yote hii amefunga mdomo anamlinda baba yake.

Shida yangu ni kwamba Jumapili iliyofuata mume wangu akasema mwezi huu ndo mwisho, elfu 25 kila wiki mtoto anacheza gemu na gemu ziko bure kwenye simu. Sio mtu mbaya jamani, na hajakosea yote maana kweli katikati ya wiki mtoto ameanza kuulizia laptop. Nimemwambia gemu za simu hazina mtu wa kukaa na mtoto anapopanga, hii mshauri anafungua mwenyewe kwa linki yake, hakuna matangazo wala mgeni wa kuingia, hajaelewa. Nikimwambia nilichokiona ataelewa dakika ileile. Ila nitakuwa nimetoa siri ya mtoto, na huyu baba mwenyewe tangu ajali hajawahi kuitaja, usiku anaamka anakaa sebuleni gizani, naogopa nitammaliza.

Nimewaza nianze na mshauri nimwambie niliona. Au nimuombe amwingize baba yake kipindi kimoja wacheze drafti tu na mtoto, maana huyu stendi anacheza na vizibo vya soda na hawamuwezi, labda wakianzia hapo mengine yatakuja. Au itakuwa kama nawategeshea wote wawili? Mliowahi kupeleka watoto kwa mshauri, au nyie wenyewe ni washauri, niambieni, maana imebaki Jumamosi moja tu aliyokubali kuilipia.

Na mtoto je. Jana nampaka mafuta akaniuliza, "mama, Jumamosi utaingia tena?" Nikamwambia sijui. Nyie mngemjibuje?

Mama wa wawili, Moshi