Wito wa Harambee: Seva, Betri na Kompyuta za Kuazimisha

Kwa wahitimu wetu, wazazi, wahadhiri wastaafu na marafiki wote wa idara,

Kwa heshima, na kwa haya kiasi, kamati ya harambee inapiga hodi tena. Ni nyinyi mliochanga mpaka chumba cha kompyuta kikasimama, nasi wakati ule tuliahidi kutowasumbua upesi.

Ufundishaji, hata hivyo, umebadilika kuliko tulivyotazamia. Mihadhara hurekodiwa, majaribio hufanyika ndani ya Moodle, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta, na tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba, ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi mwenye kifaa na bando ana msaidizi wa kumfafanulia somo saa yoyote. Asiye navyo husimama jioni nyuma ya jengo la utawala, ambako waifai hupenya madirishani, ameinua simu akitafuta mawimbi. Mvua ikianza, darasa hilo la ukutani hutawanyika. Muhula uliopita binti mmoja wa mwaka wa pili alizimikiwa na simu akiwa katikati ya jaribio la takwimu. Mfumo uliendelea kuhesabu dakika zake, muda ukaisha, akapewa alama za maswali aliyokuwa ameyajibu tu, ilhali mazoezi ya darasani yalikuwa yameshaonyesha kwamba somo analiweza.

Tunachoomba si anasa. Mjumbe mmoja alipendekeza miwani ya uhalisia pepe, tukamshukuru tukaendelea na ajenda. Moodle, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ni programu huria isiyodai ada ya leseni, nayo inaweza kuendeshwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhi na kusambaza masomo, iliyo hapa hapa chuoni bila kutegemea intaneti ya nje. Seva hiyo itabeba pia mihadhara iliyorekodiwa, nakala ya Wikipedia kupitia Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti, na majaribio ya maabara ya fizikia na kemia yanayoigizwa kwenye kompyuta ya PhET, mradi ulioasisiwa na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Mwanafunzi ataunganisha simu yake na mtandao wa ndani na kupakua somo bila kununua bando. Programu za akili mnemba tunazozitumia bado zitahitaji intaneti, na hilo hatulifichi. Lakini video, ambazo ndizo mlaji mkubwa, zikihamia kwenye seva, intaneti kidogo tuliyo nayo itapata nafasi ya kuhudumia programu hizo. Betri zitailinda seva umeme unapokatika, na kompyuta mpakato zitaazimishwa kwa zamu kupitia maktaba.

Wanafunzi wenyewe wameshaanza kuchanga kutoka katika posho zao, jambo linalotutia fahari na, tuseme kweli, linalopaswa kutufanya sisi wenye mishahara tujitazame. Mwenyezi Mungu amzidishie kila atakayetoa, kikubwa au kidogo.

Kila mchango utakatiwa stakabadhi, na hesabu zilizokaguliwa zitabandikwa kwenye ubao wa idara. Tafadhali mkabidhini mweka hazina kabla muhula mpya haujafunguliwa. Asiye na fedha anaweza kutoa kompyuta mpakato inayowaka na kushika chaji. Zilizokufa tunaomba zisiletwe, kwa kuwa ghala limeshajaa za namna hiyo.

Kamati ya Harambee ya Idara