Mwangalizi wa angani wa mwaka 1916 naye atajwe

Mhariri,

Kila inapoandikwa historia ya MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, wasomaji huelezwa jinsi Wajerumani walivyoizamisha wenyewe Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, baada ya kuipaka mitambo yake grisi, na jinsi ilivyoibuliwa na kurudishwa kazini chini ya Waingereza mwaka 1927. Sehemu inayorukwa ni ya angani, ingawa ilitokea juu ya bandari yetu ya Kigoma.

Mwaka huo wa 1916 Wabelgiji, waliopigana na Wajerumani, waliazimwa na Jeshi la Majini la Uingereza ndege nne aina ya Short, zenye maboya ya kutulia majini, wakaweka kituo chao Tungwe, karibu na Mtoa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Tarehe 10 Juni rubani Aimé Behaeghe aliruka hadi Kigoma kuishambulia meli hiyo, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, akiwa na mwangalizi wake, Collignon. Behaeghe, aliyefariki Kongo Desemba ya mwaka huohuo, hutajwa mara kwa mara. Collignon ni nadra.

Naona huko ni kumdhulumu. Rubani alishughulika na usukani, lakini mwangalizi ndiye aliyepaswa kutazama gati na ngome, kuzitambua silaha za adui na kurudi na taarifa ambayo makamanda wangeitegemea, huku uhai wake ukiwa mikononi mwa mwenzake, juu ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, katika joto linalopunguza nguvu za injini. Kazi hiyo haikuwa nyepesi hata kidogo: mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umekwisha kuondolewa na mahali pake pamewekwa wa bandia wa mbao, na kutoka angani nani angeutofautisha?

Wabelgiji waliingia Kigoma tarehe 28 Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba.

Ujiji tunayo makumbusho ya Livingstone, na ni jambo jema. Nawaomba wahusika waweke bandarini bango lenye majina ya rubani na mwangalizi pamoja, nalo liwataje wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo. Gazeti lenu nalo liwatafute wazee wa Ujiji na Mwanga ambao babu zao waliwasimulia habari za ndege hizo, wangali hai.

Msomaji wenu,
Kigoma