Mbatata zimechipua, zimekuwa kijani, au ndani nyeusi? Soma kabla hujazirudisha

Assalaam alaykum wateja wetu. Wiki hii wamekuja watu watatu dukani, kila mmoja na kikapu chake cha mbatata alizonunua kwetu. Mmoja zimechipua, mmoja zimekuwa kijani, na bi mmoja muuza urojo yeye zake nje nzima kabisa, kapasua kakuta katikati nyeusi tititi. Huyo bi tumemrudishia pesa palepale, hao wawili ilibidi tukae tuzungumze.

Mbatata za sokoni hapa Unguja karibu zote zinatoka bara, Njombe na Mbeya huko kwenye baridi, zinateremka na lori mpaka Dar halafu zinavuka bahari kuja bandarini Malindi hapa mjini. Sasa polo likilaliwa na mapolo mengine chini ya turubai, joto limepanda na hewa haipiti, mbatata nayo inapumua jamani, ikikosa hewa inakufa kuanzia moyoni. Ukiibinya ngumu, ukiinusa hainuki, hata sisi tunaoshika mbatata kutwa hatujui mpaka kisu kipite. Kwa hiyo hiyo ni hasara yetu, lete tu, tunabadilisha.

Kijani ni mwanga, wala si kwamba ni changa kama wengi wanavodhani. Umeziacha barazani au dirishani siku kadhaa basi ndo hivyo. Ile rangi yenyewe haina neno, ila inakuja pamoja na sumu inaitwa solanini, ina uchungu, na ukichemsha ukikaanga haitoki. Ikiwa kijani kidogo menya nene utoe yote, ikiwa imeenea tupa, na mtoto usimpe kabisa.

Kuchipua ni hili joto letu. Usinunue za mwezi mzima, nunua za wiki moja, mbili. Zitie kwenye pakacha (ndoo yenye kifuniko hapana!!) weka stoo au chini ya kitanda, popote penye giza na hewa, usizioshe mpaka siku ya kupika, zilizopondeka anza nazo maana moja ikioza inaziharibu jirani zake, na vitunguu viwe mbali. Friji pia hapana. Kuna kijana wa chipsi alitulalamikia chipsi zake zinakuwa kahawia nje kabla ndani hazijaiva, kumbe anaziweka kwenye friji, na baridi ile inageuza wanga kuwa sukari, sukari ikikutana na mafuta ya moto mnajua wenyewe.

Halafu wanaouliza mbona hatuuzi mbegu wapande uani. Tungeweza kuuza lakini tutakuwa tunakula pesa yenu bure. Mbatata inatunga vizuri udongo ukiwa digrii 15 mpaka 20, na usiku wetu wa kipupwe wenyewe, Julai, bado uko juu ya 20. Mimi nlijaribu kwenye polo hapa nyumbani Fuoni, nikapanda mwisho wa Mei masika yanamalizika, majani yakapanda mazuri ya kupigia picha, Agosti nachimba nakuta gololi, tukapata kachori za siku moja tu. Kama umeshikilia lazima ujaribu basi fata msimu huohuo, udongo wa kinongo na samadi iliyooza, maji yasituame, kila shina likipanda uliongezee udongo, na usipande palipokuwa na tungule au bilingani maana ugonjwa wa mnyauko unabaki kwenye udongo ukisubiri.

Ila ukiniuliza mimi, uwanja wako utie viazi vitamu, joto hili ndo lao. Marando tunayo nyuma ya duka, njoo na kisu ukate, hatuuzi. Mzigo wa mbatata unashuka Jumatatu na Alkhamis asubuhi, na muuza urojo au chipsi akitaka tumpasulie tatu nne za kila polo kabla hajalipa, tunapasua.