Kabla ya kupima gramu, someni lebo ya kopo

Mhariri,

Kila mitihani ya vitendo ya kemia inapokaribia, lawama huwaangukia wanafunzi: eti hawajui kusoma bureti, ule mrija wenye alama wa kupimia kimiminika kinachodondoshwa. Mara nyingi kosa limeshafanyika tangu jana yake, wakati wa kuandaa myeyusho.

Moli ni hesabu ya chembe. Tangu Mei 20, 2019, moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, wala haitegemei tena gramu 12 za kaboni-12. Mizani ya maabara, hata hivyo, haihesabu chembe. Inapima gramu, na gramu hizo huwezi kuzigeuza moli bila fomula iliyo kwenye lebo.

Tuchukue sodiamu kaboneti. Moli moja ya ile isiyo na maji ni gramu 106. Ya fuwele, yenye molekuli kumi za maji, ni gramu 286. Kwa lita moja ya 0.05 M (yaani moli 0.05 kwa kila lita), ya kwanza utapima gramu 5.3, ya pili gramu 14.3. Anayepima 5.3 kutoka kopo la fuwele anapata kama 0.0185 M tu. Mwanafunzi atachukua mililita 25 za myeyusho huo, adondoshee asidi hidrokloriki ya 0.1 M, na kiashiria cha methili oranji kitabadilika rangi kwenye mililita 9.3 hivi badala ya 25. Akiandika alichokiona, anaonekana kakosea!

Kopo la fuwele lililoachwa wazi ni balaa zaidi. Maji hutoka kidogo kidogo, fuwele zinakuwa unga mweupe, na hapo si 286 wala 106. Zipasheni moto kwenye kikombe cha kauri, polepole mwanzoni kwa sababu huyeyuka katika maji yake zenyewe na kuruka, kisha kwa moto mkali. Poozeni pakavu, pimeni, rudieni mpaka uzito usishuke tena. Ndipo mtumie 106.

Sodiamu haidroksaidi ni kinyume chake: inanyonya unyevu, na hewa ya Dar es Salaam tunaijua. Msiiamini kwa mizani peke yake. Ihakikini kwa asidi ambayo moli zake zinajulikana.

Halafu kuna wanaomwagia chumvi lita nzima ya maji. Yeyusheni kwa maji kiasi kwenye bika, mimineni kwenye flaski ya kupimia ujazo, suuzeni bika mara mbili tatu na maji hayo yaingie humo humo, kisha jazeni hadi alama ya shingoni.

Tunaziomba shule ziandike kwenye kila chupa ya myeyusho fomula kamili ya kemikali, gramu zilizopimwa na tarehe, na mwalimu aijaribu kwa bureti kabla wanafunzi hawajaingia.

Walimu wa kemia,
Dar es Salaam